Maswali yenu: Misri, pamba, mitumba na wakubwa wa dunia

Mwangaluka wote. Toleo lililopita niliandika nusu ukurasa tu kuhusu wakubwa wa dunia na nchi za pembezoni kama yetu, nikasema ukubwa wa nchi msiupime kwa ndege za kivita peke yake, angalieni nani kwenye meza anaweza kukaa akasubiri na nani hawezi. Basi meseji zikamiminika kutoka Kirumba, Misungwi, Kwimba mpaka Ukerewe, wengine wameniunga mkono na wengine wamenitukana kistaarabu kabisa. Nimechagua hizi hapa na nimezifupisha, maana kuna mmoja aliandika kurasa sita na bado hajauliza swali.

SWALI: Shikamoo kaka. Nakaa Misungwi, siyo mbali na Ihelele pale maji ya Ziwa Victoria yanapovutwa kwenda Shinyanga. Kuna mzee kijiweni kwetu anabishaga kila siku kwamba haya maji kisheria ni ya Misri, Mwingereza aliwapa zamani, na siku Misri wakiamua tunafungiwa koki. Tunamcheka ila anaongea kwa kujiamini sana. Ukweli ukoje?
– Msomaji, Misungwi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo mzee msimcheke, mnunulieni kahawa, maana nusu ya anayosema yapo kwenye maandishi.

Tarehe 7 Mei 1929, kule Cairo, kamishna mkuu wa Uingereza Lord Lloyd na waziri mkuu wa Misri Mohamed Mahmoud Pasha walibadilishana barua. Humo ndani Uingereza ikakubali kwamba kwenye nchi zilizo chini yake hakitajengwa kitu chochote cha umwagiliaji wala cha umeme kwenye Nile, mito yake au maziwa inakotoka, kama kitapunguza maji yanayofika Misri, au kuyachelewesha, au kushusha kina chake, mpaka Misri akubali kwanza. Tanganyika tulikuwa chini ya Mwingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, kwahiyo tukaingizwa humo humo, na hakuna mtu wa Mwanza wala Musoma wala Bukoba aliyeulizwa anaonaje. Na msidhani Mwingereza alikuwa anamhurumia mkulima wa Misri. Viwanda vya nguo vya Lancashire vilikuwa vinaitaka pamba ya Misri na mfereji wa Suez ndo ilikuwa njia yake ya kwenda India, sasa akaona bora awatulize Wamisri kwa maji ya huku kwetu ambayo yeye hayamgharimu hata senti.

Afu 1959 Misri na Sudan wakakaa wawili tu wakagawana. Mto mzima waliukadiria mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka, Misri akachukua bilioni 55.5, Sudan 18.5, iliyobaki wakaihesabu kwamba inaenda na jua. Ethiopia, ambako ndo yanatoka maji mengi kuliko kote, hakuitwa. Sisi pia hatukuitwa, ila kusema kweli sisi mchango wetu siyo mkubwa kama watu wa huku tunavyopendaga kujisifia, mvua nyingi inayonyesha ziwani inarudi juu kwa jua kabla haijafika popote. Kwahiyo maji mnayovuta hapo Ihelele kwa Misri hayaonekani hata ukiyatafuta kwa tochi. Ugomvi ulikuwa nani aombe ruhusa kwa nani.

Nyerere alilishika hilo mapema. Tulivyopata uhuru Desemba 1961 akaandikia Umoja wa Mataifa kwamba mikataba aliyotusainia mkoloni tutaiangalia kwa miaka miwili, tusiyoitaka itakufa yenyewe, na ilivyofika Julai 1962 Tanganyika ikawaambia Uingereza, Misri na Sudan kwamba huo wa 1929 hautuhusu. Misri akajibu 1963 kwamba yeye kwake bado upo hai. Basi kila mtu akabaki na lake.

Sasa hapa ndo nataka mzee wako asikie vizuri. Kama tulijitoa 1962, mbona bomba la kwenda Shinyanga na Kahama limekuja kuanza kujengwa 2004? Miaka arobaini na ushee ilikuwa inaenda wapi? Ilienda kwenye hela. Bomba la namna hiyo ni mabilioni, na ukienda kukopa Benki ya Dunia wana kanuni yao kwamba mradi wowote kwenye maji yanayovuka mipaka lazima nchi nyingine zitaarifiwe, na mmoja akileta pingamizi mnaanza kuzungushana. Kwahiyo Misri hakuwa na haja ya kutuma askari wala kutupeleka mahakamani, maji yalikuwa yanamfikia yenyewe kila siku, akakaa tu. Asiyekuwa na haraka hapo alikuwa yeye, mwenye kiu ni mtu wa Shinyanga. Serikali ilipoamua kutumia hela ya ndani kwenye lile bomba Misri wakalalamika, wakalalamika, maji yakapita. Ethiopia naye kafanya hivo hivo kwa ukubwa zaidi, wananchi wake wakanunua hati fungani, bwawa likajengwa, likazinduliwa Septemba 2025.

Kisheria hali ya leo ni kwamba kuna mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile, ulifunguliwa kusainiwa Entebbe tarehe 14 Mei 2010 na Tanzania tulikuwemo kwenye wanne wa kwanza pamoja na Ethiopia, Uganda na Rwanda. Ulikaa wee mpaka Sudan Kusini ilipouridhia ikawa nchi ya sita, ndo ukaanza kufanya kazi tarehe 13 Oktoba 2024. Misri na Sudan mpaka leo hawautaki. Lakini koki haifungwi, mwambie mzee alale.

SWALI: Habari za kazi mwandishi. Mimi ni mkulima wa pamba huku Kwimba, nalima heka nne. Kila msimu tunaambiwa bei imeshuka kwa sababu ya soko la dunia. Mimi naomba kuuliza hilo soko liko wapi, nipande basi nikalione na mimi niongee nao.
– Mkulima, Kwimba

JIBU: Nzuri baba, pole na jembe. Nimecheka afu nikaacha, maana swali lako ni zito kuliko linavyoonekana.

Bei inayoangaliwa na wengi ni ile ya soko la New York, ambako watu wananunua na kuuza pamba ambayo haijavunwa bado na wengi wao hawajawahi kuishika, na kuna kampuni huko upande wa Liverpool, Uingereza, nayo inatoaga wastani wa bei za pamba za nchi mbalimbali kila siku. Mnunuzi wa hapa anaangalia hiyo bei, anatoa usafiri, anatoa gharama ya kuchambua, anatoa ushuru, anatoa faida yake, kinachobaki ndo anakuja kukuambia wewe kwenye AMCOS, chama chenu cha ushirika. Ukiangalia mlolongo wote huo, mtu pekee asiyeweza kumkata mwenzake ni wewe uliye mwisho, na ada ya mtoto inatakiwa Julai.

Lakini kuna kingine kinachoishusha hiyo bei kabla hata haijaanza kusafiri. Marekani kwa miaka mingi wamekuwa wanawalipa wakulima wao wa pamba ruzuku, na ruzuku ikiwepo mtu analima hata bei ikiwa mbovu kwa sababu serikali itamfidia, pamba inakuwa nyingi sokoni, bei inashuka kwa wote mpaka wewe wa Kwimba ambaye hujafidiwa na mtu. Mwaka 2003, kwenye mkutano wa biashara wa Cancún, nchi nne za Afrika, Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilisimama zikasema hizo ruzuku ziondolewe na tulipwe fidia. Mkutano ukavunjika, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa linganisha na Brazil. Brazil naye alilima pamba, naye aliumia, akafungua kesi kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002. Akashinda. Marekani wakakata rufaa, akashinda tena. Wakasuasua. Mwaka 2009 Brazil akaruhusiwa kulipiza kisasi, yaani kupandisha ushuru wa bidhaa za Marekani, na alivyotoa orodha yake yenye mpaka magari na ngano, na kutishia kwamba atagusa na haki za hataza za Wamarekani, yaani za uvumbuzi wao uliosajiliwa, ghafla Marekani wakapata muda wa kuongea. Wakakubali kutoa dola milioni 147.3 kwa mwaka kwa ajili ya wakulima wa pamba wa Brazil, na mwaka 2014 wakamaliza kabisa kwa dola milioni 300 nyingine. Benin na Chad walikuwemo kwenye ile kesi kama nchi zenye maslahi, ila wao hawakupata kitu. Na hata wangeshinda kesi yao wenyewe wangelipiza kwa nini? Benin apandishe ushuru wa magari ya Marekani? Nani atashtuka? Sheria ni moja kwa wote, kwenye karatasi, ila adhabu yake inauma tu kama anayeadhibu ni soko kubwa.

Wazee wako walikuwa na ujanja wao lakini. Miaka ya hamsini wakulima wa huku walijiunga, wakapata shirikisho lao la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955, Paul Bomani akiwa mbele, wakanunua viwanda vya kuchambulia wao wenyewe ili mnunuzi asiwafuate shambani mmoja mmoja. Hawakuibadilisha Liverpool, ila mtu mwenye ghala na kiwanda chake anaweza kulala na pamba yake wiki mbili tatu. Yaliyokuja kuukuta ushirika baadaye wewe unayajua kuliko mimi, na mengine yalikuwa ya kujitakia.

SWALI: Mambo vipi bro. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo karibu na Mlango Mmoja. 2016 tulisikia mitumba inapigwa marufuku, nikakopa hela nikaongeza mashine mbili nikijua sasa tutashona. Mpaka leo belo zinafunguliwa mbele ya macho yangu. Nani alituangusha?
– Fundi, Mwanza

JIBU: Poa, pole na hizo mashine. Jibu refu linaanzia Washington ila nitalikata.

Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke taratibu mpaka ifike 2019 iwe imeisha. Ushuru ukapandishwa, sisi kutoka senti 20 za dola kwa kilo kwenda senti 40, Rwanda akapandisha mpaka dola 2.50 kabisa. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika Marekani kikaenda kulalamika kwa serikali yao kwamba hawa jamaa wanatuua. Na serikali yao ilikuwa na kitu mkononi, ile sheria ya AGOA ya tangu 2000 iliyokuwa inaruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru, ambayo ndani yake iliandikwa kwamba nchi inayofaidika lazima iwe inaondoa vikwazo kwa biashara ya Marekani. Wakatangaza wanatupitia upya.

Angalia nani alilegea kwanza. Kenya, mapema kabisa, kwa sababu viwanda vyake vinashona nguo na kuziuza Marekani kwa mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka, na kule kuna maelfu ya akina dada wanaotegemea mshahara wa Ijumaa. Ukimwambia Kenya asubiri, mwezi mmoja tu ni watu barabarani. Tanzania na Uganda tukalegea baadaye kidogo, mwanzoni mwa 2018. Rwanda akakataa, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru, mpaka mwisho hakurudi nyuma. Watu wengi wanasemaga ni ujasiri wa Rwanda na mimi siukatai, lakini nguo alizokuwa anauza Marekani zilikuwa kidogo sana, kwahiyo alikuwa hana cha kupoteza cha kumnyima usingizi. Aliyekuwa amefanikiwa zaidi kwenye ile AGOA ndo alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Hilo linaniudhi kuliko kitu kingine chochote kwenye hii stori.

Na kuna la kwetu wenyewe. Pamba inatoka Kwimba na Bariadi, nyingi inaenda nje ikiwa ghafi, nguo inavaliwa huko, ikichakaa inarudi Mlango Mmoja kwenye belo. Mwanza tulikuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex, wazee wetu walifanya kazi pale. Kufunga mlango wa mitumba kabla kiwanda hakijasimama ni kumwambia mama wa Igoma anunue gauni la elfu arobaini badala ya la elfu tatu, na yeye naye hawezi kusubiri, mtoto anaenda shule Jumatatu. Kwahiyo hata Marekani wasingesema kitu, sina uhakika 2019 ingefika salama. Mashine zako usiuze, sare za shule hazijahamia kwenye belo.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa form six, Nyakato. Tumepewa swali la insha kuhusu nchi za kitovu na nchi za pembezoni. Naomba unisaidie pointi saba na hitimisho.
– Mwanafunzi

JIBU: Marahaba. Pointi saba na hitimisho mwombe mwalimu, mimi nakupa majina matatu ukayasome.

Raúl Prebisch wa Argentina, mwisho wa miaka ya 1940, ndo aliyelisema wazi hili la kitovu na pembezoni, kwamba anayeuza mazao ghafi na kununua mashine atajikuta kadri miaka inavyoenda anatakiwa kutoa magunia mengi zaidi kupata mashine ile ile. Immanuel Wallerstein akaja 1974 akaongeza kundi la katikati, nchi ambazo zinabanwa na wakubwa lakini nazo zinabana wadogo, na ukisoma jibu langu la pamba hapo juu utaona kwanini Brazil anakaa humo. Wa tatu ni Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitabu chake cha 1972 kinasema umaskini wa huku na utajiri wa kule vilitengenezwa pamoja. Mimi kwa Rodney nakubali karibu yote, tatizo langu ni kwamba watu wakimaliza kumsoma wanakuwa na hasira nzuri afu hawajui Jumatatu wafanye nini.

SWALI: Nafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu hapa Mwanza, jina kapuni. Wakaguzi wa Ulaya wakija tunahangaika wiki nzima, tunasugua mpaka dari. Kwanini wao ndo watupangie usafi na sisi tusiwapangie?
– Mfanyakazi wa kiwandani

JIBU: Kwa sababu wao ndo wanunuzi na sangara anaoza, jibu ni hilo tu kwa kifupi.

Kwa urefu kidogo, wenye umri wanakumbuka. Kati ya 1996 na 1997 Hispania na Italia walizuia samaki wa ziwa letu kwa sababu ya salmonela. Kabla hatujapumua ikaja ya kipindupindu, Ulaya nzima wakazuia samaki wabichi, na hiyo Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema kuzuia chakula siyo njia inayofaa ya kupambana na kipindupindu, lakini nani alisikiliza? Tukalalamika kwenye Shirika la Biashara Duniani, kizuizi kikaja kuondolewa katikati ya 1998. Mwaka 1999 ikaja ya tatu, sumu, na hii haikuwa ya kusingiziwa yote maana kweli kuna wavuvi, hasa upande wa Uganda, walikuwa wanavua kwa kumwaga dawa majini. Wakafunga tena.

Mzigo wa kuthibitisha siku zote ulikuwa wetu. Wao hawakutakiwa kuonyesha samaki wana sumu, sisi ndo tulitakiwa kuonyesha hawana, na kuonyesha kunahitaji maabara ambayo hatukuwa nayo ya kutosha. Leo Nyegezi kuna maabara ya taifa ya samaki, na viwanda vya hapa vinajua kanuni za Ulaya kuliko Wazungu wengi wanaozila hizo fileti. Kwahiyo kile kipigo kilitufundisha kitu, sikatai. Ila nasema usafi wa kweli ungeanza kuonekana na kwenye yale mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kutolewa, tunayouziwa sisi mtaani. Yule anayekula minofu ana mkaguzi, anayekula mapanki ana kismati chake.

SWALI: Wewe mwandishi unatudanganya. Unasema mwenye kusubiri ndo mkubwa, basi mbona Nyerere aliwasubirisha IMF, lile shirika la fedha la kimataifa, na tulioteseka ni sisi? Nilikuwa kijana, nilipanga foleni ya sabuni hapa Mwanza mpaka nikaota mvi kabla ya wakati.
– Mzee wa Igogo

JIBU: Shikamoo mzee. Hili ni swali la mtu aliyeyaona na sitakujibu kwa ujanja.

Mwisho wa 1979 tulikuwa tumetoka vita ya Kagera, mafuta yamepanda, hazina haina dola. IMF wakasema tutawapa ila shusheni thamani ya shilingi, kateni matumizi, legezeni bei. Mwalimu akakataa, waziri wa fedha Edwin Mtei aliyetaka kukubali akajiuzulu, na Januari 1980 Mwalimu akawauliza mabalozi tangu lini IMF wamekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Maneno yalikuwa matamu na yalikuwa na haki ndani yake, kwa sababu ukiangalia kura pale IMF, Marekani peke yake ana kama asilimia 16.5 na maamuzi makubwa yanahitaji 85, yaani bila yeye hakipiti kitu, wakati sisi tuna asilimia 0.1 hivi. Lakini haki haifui nguo. Tulikaa karibu miaka saba, sabuni ikapotea, sukari ikapotea, na Agosti 1986 chini ya mzee Mwinyi tukasaini, masharti yakiwa yale yale ya kwanza kwa sehemu kubwa.

Kwahiyo ndiyo, kusubiri bila akiba ni kujinyima tu, na mimi nadhani Mwalimu alikuwa sahihi kwenye hoja na akakosea kwenye hesabu. Linganisha na dhahabu. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, ule mchanga wenye dhahabu, yasisafirishwe, makontena 277 yakakwama bandarini Dar, zikafuata hesabu za kodi za dola bilioni 190 ambazo mimi sikuziamini hata siku ile zinatangazwa. Lakini mchanga wa dhahabu hauozi, na mgodi hauhamishiki. Aliyekuwa anavuja damu kila wiki ni mwekezaji na wanahisa wake. Barrick, wenye hisa nyingi kwenye hiyo migodi, wakaja mezani, mwishoni tukapata asilimia 16 za umiliki kwenye kampuni ya pamoja na wakakubali kulipa dola milioni 300. Siyo bilioni 190, ila ni meza tofauti kabisa na ile ya 1986. Ila na hapo uliza nani alilipia kusubiri. Mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza kazi, vijana wa Kahama wakarudishwa nyumbani, na hakuna aliyewaita kwenye sherehe ya kusaini.

SWALI: Nyie wa Mwanza mnaandika sana kuhusu Marekani na Ulaya. Sisi wa Ukerewe Marekani yetu ni nyie. Tunaleta dagaa Kirumba mwaloni, bei anapanga dalali, ukikataa anakuambia rudi nao, na boti ya kurudi unalipa mwenyewe. Hilo nalo utaliandikia?
– Mama dagaa, Ukerewe

JIBU: Ndo naliandikia, mama, wabeja kwa kunisema. Umeeleza nchi za pembezoni vizuri kuliko yule mwanafunzi wa Nyakato atakavyoeleza kwenye insha yake, nitamwambia anakili kwako.

Dagaa waliokaushwa chini kwenye mchanga wana mchanga tumboni, mvua ikipita wameharibika, dalali anajua una siku mbili. Wanawake wengine wa visiwani wameanza kuanika kwenye vichanja vya nyavu, dagaa anakauka haraka, anakuwa msafi, ana bei nyingine na anakaa ghalani muda mrefu bila kuoza. Kichanja ni miti na wavu, anzeni na kimoja mkishirikiana akina mama watano sita, na mzigo mkutanishe muukodishie boti moja badala ya kila mtu kuja na gunia lake kumkuta dalali yule yule. Jambo la pili, msiulize bei ya Kirumba mkiwa Kirumba. Mzigo mwingi wa pale unaenda Kongo, kwahiyo tafuteni gunia linauzwaje Goma kabla hamjapakia, kuna madereva wa malori pale nje ya mwalo wanaijua mpaka ya jana. Majina yao siwezi kuyaweka hapa gazetini, hao madalali ni majirani zangu na wengine nawadai hela.